Sura ya Sita: Bunduki Isiyokaa Begani

Shemeji yangu ana duka la vyakula mjini Columbus, katika jimbo la Ohio. Anauza unga wa sembe, dagaa, mawese ya chupa na vitenge, na kila Jumamosi dada yangu hukaanga sambusa ambazo adhuhuri haizikuti. Usiku mmoja duka la jirani lilivunjwa. Wiki hiyo hiyo, alfajiri, mtu alijaribu kitasa cha mlango wa nyumbani kwao, akaondoka mbwa wa jirani alipobweka. Shemeji hakusubiri mara ya tatu. Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya Marekani ilimruhusu kwenda dukani na kununua bunduki. Angekuwa na viza ya masomo au ya matembezi, kuimiliki kungekuwa kosa la jinai, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni ya uwindaji.

Nilipowatembelea alinipeleka chumbani, akafungua sefu ndogo ya chuma, akaitoa kwa mikono miwili kama anayepakata mtoto mchanga. Ilikuwa shotgani nyeusi ya Mossberg, fupi, isiyo na kitako. Mahali ambapo kitako kingeanzia palikuwa na mpini wa plastiki kama wa bastola, basi.

"Tazama, shemeji. Fupi, nyepesi. Hii hata dada yako ataiweza."

"Umeshaipiga?"

"Bado. Ila yule muuzaji kaniambia haina haja ya kulenga. Unaielekeza tu mlangoni, inafagia chumba kizima."

Sura hii nimeiandika kwa sababu ya maneno hayo ya muuzaji. Nilipoyasikia niligeuka nikatazama ukuta wa pili, ule ulio mkabala na mlango wa chumba chao, ng'ambo ya korido. Nyuma ya ukuta ule walikuwa wamelala watoto wao watatu.

Shotgani wazee wetu waliiita bunduki ya marisau, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko hili la kukopa. Bastola hutoa risasi moja kila unapoifyatua. Ganda la shotgani hubeba punje nyingi zinazotoka kwa pamoja. Za kuwindia ndege ni ndogo kama mtama na huwa mamia. Za kulungu, ambazo ndizo watu huweka kwa ajili ya kujilinda, hukaribia ukubwa wa dengu: ganda la kawaida la geji 12 lina punje 9 zenye kipenyo cha milimita 8.4, na zote hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Geji yenyewe ni kipimo cha kizamani. Ukiyeyusha ratili moja ya madini ya risasi, ukaifinyanga vidonge 12 vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea barabara ndani ya mtutu wa geji 12. Ndiyo maana mtutu wa geji 20 ni mwembamba kuliko wa geji 12, jambo linalowachanganya wengi.

Nguvu hiyo imeipa shotgani heshima kubwa katika nyumba za Wamarekani. Februari 2013 Joe Biden, wakati huo makamu wa rais, alieleza hadharani kwamba amemshauri mkewe Jill, siku akihisi hatari, achukue bunduki yao ya mitutu miwili, atoke barazani na kupiga mara mbili nje. Wengi walimkosoa, na kwa haki, maana risasi iliyopigwa ovyo haina mwenyewe wala haichagui itakapoangukia. Lakini bunduki ya kawaida ya mitutu miwili ina kitu ambacho ile ya shemeji haikuwa nacho. Ina kitako.

Mtazame mwindaji anapoinua bunduki. Mkono mmoja uko kwenye kifyatulio, wa pili umeshika chini ya mtutu, kitako kimezama katika bonde la bega, na shavu limelala juu yake. Bunduki imeshikwa mahali panne. Kwa sababu ya shavu, jicho linarudi pale pale kila mara, nyuma ya mtutu, hata gizani, hata moyo ukienda mbio. Hana haja ya kuitafuta shabaha: anapotazama ndipo bunduki inapotazama. Ondoa kitako, na mahali pawili panatoweka kwa pamoja, bega na shavu. Inabaki mikono peke yake.

Na mikono inatwikwa mzigo usio wake. Mossberg 500 yenye kitako ina uzito wa kilo 3 na kidogo. Yenye mpini wa bastola ina kilo 2.6 hivi. Nilipiga hesabu kwa fizikia ya sekondari, nikitumia ganda la punje 9. Nishati ya teke la bunduki ya kwanza inakuja jouli 36 hivi, na ya pili 43. Jouli 43 ni jiwe la kilo moja lililodondoshwa kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza. Bega lina nyama, na nyuma yake kuna mwili mzima. Hulipokea jiwe hilo, likayumba kidogo, yakaisha. Mpini wa bastola hulipeleka moja kwa moja kwenye kifundo cha mkono, yaani mifupa midogo 8 iliyofungwa pamoja kwa kano. Watu hudhani kwamba kwa kuwa mpini ni wa bastola, teke nalo litakuwa la bastola. Msukumo wa zile punje 9 ni zaidi ya mara nne ya msukumo wa risasi moja ya bastola ya milimita 9.

Kesho yake tulikwenda uwanja wa shabaha, nje kidogo ya mji. Tulivaa miwani na vizibo vya masikio. Msimamizi, mzee mwenye ndevu nyeupe na upole mwingi, alitundika karatasi yenye umbo la mtu umbali wa mita 6, ambao ndio umbali kutoka kitanda cha shemeji hadi mwisho wa korido yake. Tulikuwa tumeupima kwa hatua asubuhi.

Shemeji aliinua bunduki hadi machoni, kama alivyoona kwenye sinema. Yule mzee alimshika mkono papo hapo na kuushusha. Alieleza kwa utaratibu kwamba bunduki ile ikipigwa karibu na uso itarudi na kuupiga uso, na kwamba amewahi kuona mdomo uliopasuka na jino lililovunjika. Basi shemeji akaishusha kiunoni, akaielekeza kwenye karatasi, akafyatua. Karatasi ilitikisika kwa upepo tu. Matundu yote 9 yalikuwa kwenye kadibodi pembeni, kushoto, chini ya kwapa la yule mtu wa kuchorwa, yamekusanyika mahali pasipozidi upana wa kiganja changu.

Alivuta pampu kukoki tena, lakini hakuivuta mpaka mwisho. Ganda lililokwisha kazi likanasa kwenye tundu la kutokea. Mzee alilitoa. Mara ya pili punje tatu zilipata bega la karatasi. Mara ya tatu shemeji aliweka bunduki mezani mwenyewe, akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akakaa kimya kwa muda. Hakikuwa kimevunjika. Ila risasi ya nne hakuitaka.

Mtego wenyewe ni huo, na sioni njia ya kuukwepa. Ukiishusha kiunoni, huoni inakolenga. Ukiipandisha machoni, itakurudia usoni. Kitako kiliwekwa ili mtu aweze kuiweka bunduki mbele ya jicho bila kuumia, na tangu kilipoondolewa hakuna kilichojaza nafasi yake. Wapo waliojaribu kufunga taa ya leza chini ya mtutu, ili kidoa chekundu kionyeshe njia. Kinasaidia, sikatai. Lakini kidoa hakizuii teke, na mtu anayetetemeka hukiona kikirukaruka ukutani kama kipepeo.

Lile ganda lililonasa nalo lina maana kubwa. Shotgani nyingi za aina hii ni za pampu: kila baada ya kupiga lazima uvute kishikio cha mbele mpaka nyuma ganda tupu litoke, kisha ukisukume mbele ganda jipya liingie. Bunduki ikiwa begani, bega huishikilia upande mmoja na mkono wa kushoto hufanya kazi ya kuvuta. Isipokuwa begani, mikono yote miwili inavutana: mmoja unazuia, mwingine unavuta, na bunduki inaelea katikati. Mwenye hofu huvuta nusu. Kuna hata kitasa cha usalama cha kufikiria. Katika bunduki za Mossberg kitasa hicho kiko juu, nyuma kabisa ya kasha la chuma, mahali ambapo dole gumba hukifikia bila kujisumbua ikiwa bunduki ina kitako cha kawaida. Ukiweka mpini wa wima wa bastola, gumba linashuka chini, na ili kukifikia kitasa lazima ulegeze mkono kwanza. Mkono uleule, sasa, ndio peke yake ulioshikilia nyuma ya bunduki.

Nirudi kwenye neno la kufagia chumba, kwa maana ndilo litakaloua mtu asiye na hatia. Watu wengi, hata wasiowahi kugusa bunduki, huamini kwamba marisau hutawanyika mara tu yakitoka, yakajaza mlango kama wavu wa mvuvi. Wanaofundisha silaha hizi hutumia kanuni ya kukadiria: punje husambaa inchi moja kwa kila yadi zinazosafiri. Kwa mita 6 hiyo ni sentimita 16 au 17. Maganda ya kisasa yaliyotengenezwa kwa ajili ya polisi hubana punje zaidi ya hapo, hata zikafika ukutani zikiwa zimeshikana kama ngumi. Ndani ya nyumba, basi, shotgani inataka kulengwa sawasawa na bunduki nyingine yoyote. Wavu haupo. Kuna ngumi ya punje 9, na ukikosea kwa upana wa kiganja umekosa zote 9.

Zikikosa zinakwenda wapi? Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapowazia ukuta huwazia tofali la saruji, lipu, na pengine jiwe la matumbawe. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizofunikwa pande zote mbili kwa ubao wa jipsamu wenye unene wa milimita 12 au 13. Ni ule ule tunaoupiga kwenye dari huku kwetu. Unaweza kuutoboa kwa bisibisi. Punje za kulungu hupita ukuta mmoja wa aina hiyo, zikapita wa pili, na zikitoka huko bado zina nguvu ya kuua. Jeff Cooper, aliyeanzisha shule ya silaha ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alifundisha kanuni nne za usalama, na ya nne inamtaka mtu ajue analolenga na kilicho nyuma yake. Mwenye bunduki iliyo kiunoni hawezi kuitimiza kanuni hiyo hata akitaka, kwa sababu hajui kwa hakika mtutu unatazama wapi. Anajua upande tu. Na katika nyumba ya karatasi na mbao, upande ule ule wa mlango ndio upande wa watoto.

Kuna mlio pia. Shotgani ya geji 12 hupita desibeli 150, na kelele ya ghafla ya zaidi ya desibeli 140 huweza kuharibu masikio kwa mara moja tu. Mtutu ukiwa mfupi, mlio na moto wake husogea karibu zaidi na uso wa mpigaji. Chumbani, usiku, bila vizibo, baada ya risasi ya kwanza huenda asisikie mtoto akiita.

Niliwahi kujiuliza imekuwaje silaha yenye kasoro nyingi namna hii ikapata wateja wengi. Sehemu ya jibu iko kwenye sinema. Mwaka 1991 Arnold Schwarzenegger alipanda pikipiki katika Terminator 2 akiwa na Winchester ya 1887 iliyokatwa kitako na mtutu, akaizungusha kwa mkono mmoja kuikoki, na vijana wa dunia nzima wakaona hiyo ndiyo shotgani. Bunduki ya sinema haina teke. Lakini historia inaanzia nyuma ya hapo. Miaka ya 1920 kampuni ya Ithaca, katika mji wenye jina hilo jimboni New York, iliuza bunduki fupi ya mitutu miwili, geji 20, isiyo na kitako, iliyoitwa Auto & Burglar. Jina lilitangaza kazi yake: ya kuweka garini, na ya kumkabili mwizi. Toleo lake la mwanzo lilikuwa na pembe kubwa nyuma ya mpini, inayokaa juu ya mkono ili bunduki isichomoke kiganjani. Waliochonga pembe ile walijua fika wanachomkabidhi mteja.

Ilikufa mwaka 1934. Hayo yalikuwa matokeo ya miaka ya magenge na marufuku ya pombe: Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyoweka usajili na kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha na silaha zilizofupishwa, zikiwamo shotgani zenye mtutu chini ya inchi 18, yaani sentimita 46. Dola 200 siku hizo ziliizidi bei ya bunduki yenyewe kwa mbali. Shabaha ya kwanza ya rasimu ilikuwa hata bastola. Hizo ziliondolewa bungeni, ila kanuni ya kusajili bunduki fupi ikabaki, na imebaki mpaka leo.

Kisha mwaka 2017 Mossberg wakatoa bunduki waliyoiita 590 Shockwave, na Remington wakafuata na Tac-14 mwaka huo huo. Mtutu wa inchi 14. Mpini uliopinda kama kichwa cha ndege. Urefu wote inchi 26.37. Tarakimu hizo za mwisho hazikuja kwa bahati. Kwa kuwa haikutoka kiwandani ikiwa na kitako, haikuundwa kupigwa kutoka begani, na kwa hiyo sheria ya shirikisho haiiti shotgani. Na kwa kuwa imepita inchi 26 kwa unywele, haiangukii katika kundi la silaha za kufichika linalotakiwa kusajiliwa. Ni kazi ya werevu, na inawezekana mhandisi wake ni bingwa. Lakini kila mchoro wa silaha ile unajibu swali la mwanasheria. Swali la baba aliyeamshwa saa tisa usiku halikuulizwa. Kwenye kishikio chake cha mbele wameweka ukanda wa kupitishia mkono, ili bunduki ikiruka vidole visiteleze vikatangulia mdomo wa mtutu. Mimi nikiuona ukanda ule huwa naona ungamo.

Wanaoitetea wana hoja, na nyingine ni za kweli. Wanasema ni fupi, na ufupi husaidia penye kona. Ni kweli kwamba Mossberg yenye mtutu wa inchi 18.5 na kitako inakaribia mita moja, na yenye mpini wa bastola ni sentimita 75 hivi. Polisi na askari wana shotgani za namna hiyo kwa kazi moja mahususi: kuvunja bawaba na makufuli ya milango. Mvunjaji huweka mdomo wa mtutu karibu kabisa na bawaba, hapigi umbali wowote wa kulenga, kisha anaiachia ining'inie kwenye mkanda na kushika silaha nyingine. Kwa kazi hiyo haina kifani.

Lakini baba wa nyumba hana kona ya kupinda. Wakufunzi makini wanakubaliana juu ya hili kuliko jambo lingine lolote: ukisikia mtu ndani, usiende kumwinda. Kusanyeni watoto kama njia iko salama, fungeni mlango, kaa nyuma ya kitanda, piga simu ya dharura, 911, na bunduki itazame mlango. Anayengoja nyuma ya kitanda hapungukiwi chochote na sentimita 25 za kitako. Zaidi ya hayo, zinampa bega.

Wengine husema ufupi humwachia mtu mkono mmoja wa kushika simu au kumbeba mtoto. Hapo wanasahau pampu. Bunduki ya pampu hutaka mikono miwili kwa kila risasi inayofuata ya kwanza, na asiye na kitako anaihitaji miwili hata kwa hiyo ya kwanza. Simu iwekwe kitandani, ikiwa imefunguliwa sauti.

Ipo pia mbinu halisi ya kuidhibiti, na sitaki kuificha. Mkono wa mbele unasukuma kwa nguvu kuelekea mbele wakati wa nyuma unavuta kuelekea nyuma, bunduki ikakazwa katikati kama kamba ya upinde, na mpigaji huinyoosha mbele ya uso kwa umbali wa kutosha ili aone juu ya mtutu. Nimemwona mwanamke mmoja mwembamba akifanya hivyo na kupata karatasi baada ya karatasi, bila kukosa. Alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka. Alikuwa mkufunzi. Kinachonisikitisha ni kwamba silaha hii inauzwa zaidi kwa wale wasio na miaka hiyo: mwenye duka anayefunga saa nne usiku, bibi anayeishi peke yake, mama aliyeambiwa kwamba kwa kuwa ni ndogo basi ni ya mwanamke. Mtu wa mwisho anayefaa kupewa bunduki ngumu kuitawala ni yule atakayeipiga mara moja tu maishani, gizani, kwa hofu. Wanamwuzia yeye kwanza.

Na wale wanaosema mlio wa kukoki peke yake humkimbiza mwizi, nawaomba waufikirie vizuri. Huenda akakimbia. Huenda pia, kama naye ana silaha, akawa amejulishwa mahali ulipo. Hakuna nyumba inayopaswa kulindwa kwa sauti ya chuma huku mwenye kukoki akiogopa kifyatulio chake mwenyewe.

Tulipokuwa tukirudi garini shemeji aliniuliza kama amepoteza fedha zake. Hakuwa amezipoteza. Bunduki yake ilikuwa na mtutu wa inchi 18.5, na kwa hiyo sheria ya shirikisho haikuwa na neno akiifunga kitako. Tuliagiza kitako kifupi, kile wanachokiita cha vijana, kinachomfaa yeye na kumfaa dada yangu ambaye ana mikono mifupi kuliko yake. Kwenye Mossberg kazi hiyo ni skrubu moja ndefu na bisibisi. Lakini ninamwomba msomaji mwenye Shockwave au ndugu yake mwenye mtutu wa inchi 14 asifanye tulichofanya sisi. Siku anapoifunga kitako, ile inakuwa shotgani ya mtutu mfupi, na bila kuisajili kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 10. Huyo ni heri aiuze, anunue ya kawaida.

Tulibadilisha maganda pia. Yapo ya punje zile zile yenye baruti iliyopunguzwa, mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, na teke lake ni la kistaarabu zaidi. Kwa mtu wa mwili mdogo geji 20 yenye kitako ni rafiki mwema kuliko geji 12 isiyo nacho, na wauza bunduki wangesema hivyo kila mara dunia ingekuwa na vifundo vichache vya kutibiwa. Yapo pia maganda mafupi ya Aguila, ya inchi moja na robo tatu, laini kabisa kupiga, ila katika bunduki nyingi za pampu hunasa yakiingia. Sikuyapendekeza.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa yule mzee wa ndevu nyeupe, mita 6 zile zile. Dada yangu alikuja naye, sambusa zikauzwa na mtoto wa jirani. Shemeji aliweka kitako begani, shavu likalala, akafyatua, akakoki mpaka mwisho, akafyatua, akakoki. Matundu yote 18 yalikuwa kifuani mwa karatasi. Dada yangu alipiga maganda matano bila kusema neno, kisha akaomba boksi jingine.

Usiku ule hatukulala mapema. Tuligonga kuta kwa vifundo vya vidole, chumba baada ya chumba, tukisikiliza pale palipo na mbao na pale palipo patupu. Palipokuwa patupu ni karibu kote. Shemeji alikuwa na chumba cha nyuma, upande ule ule wa korido kilipo chumba chake, alichokifanya ghala la mali ya dukani. Tuliwahamishia watoto humo, upande wa wazazi wao, kitanda kwa kitanda, huku mdogo akilalamika kwamba dirisha jipya halina mti. Walikokuwa wamelala tulipanga marobota ya vitenge kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Tulipomaliza, dada yangu alikwenda kuchuchumaa nyuma ya kitanda chake, akanyoosha mkono kuelekea mlango kama anayelenga, akawa anataja kwa sauti kila kilicho mbele ya kidole chake: mlango, korido, ukuta wa jipsamu, marobota ya vitenge, na nyuma yake dohani ya matofali.